Camaro ya 1969: natafuta mikanda ya matao ya tairi iliyo sahihi, kopi zimenishinda

Mkonge_Dayton (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za wakati huu.

Mimi ni mtu wa Muheza, Tanga, niko Dayton, Ohio, mwaka wa kumi na moja sasa. Mwaka jana mwezi wa tano nilinunua Camaro ya 1969, gari la Chevrolet la milango miwili, kwa familia moja kule Indiana. Mzee wao aliianza kuitengeneza, afya ikamgomea, akafariki gari likiwa bandani. Viti vilikuwa vimeng'olewa, injini iko kwenye stendi, na vitu vidogo vyote vimepangwa kwenye maboksi manne ya ndizi. Bodi ni nzima kuliko nilivyotegemea. Kutu imekula kona mbili za chini za kioo cha nyuma na kipande cha sakafu ya buti, basi.

Injini hainipi shida. V8 ya Chevrolet hapa Marekani spea zake unazipata hata saa nne usiku. Kinachonitoa jasho ni urembo wa nje: mikanda inayong'aa kuzunguka vioo, mikanda ya matao ya tairi, nembo. Kwenye maboksi nilikuta mikanda miwili tu ya matao, mmoja umepinda kama upinde. Madigadi yote manne yana matundu ya skrubu kwenye ukingo wa ndani wa tao, kwa hiyo nikajua gari lilikuwa na seti kamili.

Nikaagiza seti mpya ya kopi. Imekuja inang'aa vizuri, lakini mbele inaacha uwazi unaopitisha sarafu, nyuma mkunjo wake haufuati bodi, na matundu hayalingani hata mawili. Halafu mng'ao wenyewe ni mweupe wa kibuluu. Ukiuweka karibu na mkanda wa zamani wa kioo cha mbele unaona wazi kuwa hivi vitu havikuzaliwa pamoja.

Maswali yangu: nani anajua mikanda inayokaa sawasawa? Na je, nitoboe matundu mapya yafuate hii kopi, au nihangaike na ya zamani? Nimetumia miezi mitano kwenye hili jambo, wakuu, na gari nataka liwe kama lilivyotoka kiwandani.

---

Fundi_Likoni

Kaka, usitoboe chochote. Weka drili chini kabisa.

Mimi ni wa Mombasa, niko Houston, kazi yangu ni bodi na rangi, magari ya miaka hiyo nayajua kwa mkono. Kabla hatujaongea mikanda, fungua boneti. Upande wa dereva, juu, karibu na masta ya breki, kuna bamba dogo la bati limeshikwa kwa ripiti mbili. Hilo ni bamba la Fisher Body, kampuni iliyokuwa inatengeneza bodi za General Motors, kampuni mama ya Chevrolet. Tuandikie maandishi yote yaliyopo, mstari kwa mstari. Tuandikie pia tarakimu sita za mwanzo za namba ya chesi na herufi inayofuata, ile inayoonekana kupitia kioo cha mbele. Zilizobaki usiweke hadharani.

Na angalia hizo ripiti kama zimewahi kuguswa. Mabamba ya kopi yanauzwa, na wapo watu wanaoyabadilisha ili gari la kawaida liitwe Z/28, lile toleo la Camaro la mbio.

---

Bin_Saidi_MN

Mashaallah, hongera sana kwa gari. Na mimi ninayo ya 1969 hapa Minnesota. Nafuatilia uzi huu kwa karibu.

---

Mkonge_Dayton

Fundi, shukrani. Ripiti hazijaguswa, rangi ya zamani bado imejaa pembeni mwake. Bamba linasema:

ST 69 12437
NOR, halafu namba ya bodi
TR 711
57 57 PNT
04C X44

Namba ya chesi inaanza na 124379N.

Gari sasa hivi ni jekundu. Kwenye madigadi ya mbele lina nembo za SS (Super Sport, toleo lenye injini ya nguvu), na mbele kwenye grili ipo nyingine.

---

Kentucky_Mswahili

Mkuu Mkonge, nitakueleza bamba lako moja baada ya jingine, ila mwisho wake utakuuma kidogo.

Namba ya chesi: 1 ni Chevrolet, 24 ni Camaro ya V8, 37 ni milango miwili yenye paa la bati, 9 ni mwaka 1969, N ni Norwood. Norwood iko palepale Cincinnati, kama saa moja tu kutoka kwako. Kiwanda kilifunguliwa 1923 kikafungwa 1987. Camaro za mwaka huo zilitoka kiwanda hicho na kile cha Van Nuys, California, ambacho magari yake yana herufi L kwenye namba. Kwa hiyo gari lako limezunguka likarudi karibu na lilikozaliwa.

04C ni wiki ya tatu ya mwezi wa nne. TR 711 ni viti vyeusi vya kawaida. 57 57 ni rangi ya bodi, ya chini na ya juu, na 57 ni Fathom Green, kijani kilichokolea kama maji ya kina. Jekundu lilikuja baadaye.

Sasa X44. Norwood walianza kupiga namba za X kwenye bamba karibu na mwisho wa 1968. X11 ina maana gari lilitoka na Z21, kifurushi cha urembo wa nje. X33 ni Z/28 yenye urembo huo, X77 ni Z/28 bila huo urembo. X44 ni gari la kawaida, bila Z21 na bila SS.

Na mikanda ya matao ya tairi ilikuja na Z21. Pamoja nayo mikanda ya mfereji wa maji juu ya milango, na vipande vinavyong'aa kwenye zile nyufa za bandia mbele ya tairi la nyuma. Gari la X44 halikuwa navyo.

Kaka, miezi mitano umekuwa ukitafuta kitu ambacho gari lako halikuzaliwa nacho.

---

Mkonge_Dayton

Nimesoma hii nikiwa kazini, nikashindwa kula chakula cha mchana.

Lakini matundu je? Yapo kwenye matao yote manne, nimeyaona kwa macho yangu.

---

Fundi_Likoni

Mwuliza matundu ni mwenye akili. Nenda ukayasome, hayo nayo yanaongea.

Tundu la kiwandani lina mpangilio. Pima kutoka tundu hadi tundu, upande wa kushoto na wa kulia vitafanana. Rangi ya kwanza imeingia ndani ya tundu, maana lilitobolewa kabla ya kupiga rangi. Tundu la mtu wa bandani lina ukingo mkali upande wa pili, umbali unachezacheza, na ukikwaruza rangi taratibu utaona tundu limekata tabaka zote hadi bati, bila rangi ndani. Chukua tochi, futi, na kioo kidogo cha mkononi.

Halafu angalia nyuma ya madigadi ya mbele, kwa ndani, pale zilipo hizo nembo za SS. Kama kuna matundu yaliyozibwa kwa puti, pima umbali wake.

---

Mkonge_Dayton

Nimelala chini ya gari jana hadi saa tano usiku.

Kushoto mbele matundu sita, kulia mbele saba. Umbali haulingani popote. Ukingo wa ndani unakata kidole. Nimekwaruza moja: jekundu, chini yake rangi ya kijivu ya msingi, halafu kijani, halafu bati jeupe. Ndani ya tundu hakuna kijani hata chembe. Basi yametobolewa baadaye.

Nyuma ya madigadi ya mbele kuna matundu mawili kila upande yaliyozibwa kwa puti. Nembo za SS zimewekwa juu yake.

Nikarudi kwenye maboksi. Boksi la nne, chini kabisa, ndani ya gazeti, kuna nembo ndogo ya tarakimu 307. Imechimbikachimbika, kijiti kimoja cha kushikia kimekatika. Nimeigeuza: nyuma, kwenye kona, kuna vumbi la rangi ya kijani. Nimeiweka kwenye dirisha asubuhi niione kwa jua. Ni kijani kilekile.

---

Kentucky_Mswahili

Hapo umepata kitu kikubwa kuliko mikanda yote. V8 ya msingi ya Camaro ya 1969 mwanzoni ilikuwa 327 (ukubwa wa injini kwa inchi za ujazo), halafu katikati ya msimu ikaja 307. Gari la mwezi wa nne kuwa na nembo ya 307 ni sawa kabisa. Namba ya chesi isingekuambia, kwa sababu 24 inasema V8 tu bila kusema ipi. Hiyo nembo ni shahidi wako. Usiitupe hata kama imeoza.

Na kwa ambao wangetaka karatasi: General Motors hawakuweka kumbukumbu za Camaro moja moja zilizouzwa hapa Marekani. Wenye Pontiac wana PHS, huduma ya kumbukumbu za magari yao, wenye Ford za kuanzia 1967 wanapata ripoti ya Marti. Gari likiwa liliuzwa Kanada kuna kumbukumbu pia. Sisi wa Camaro za Marekani tunabaki na bamba, karatasi za dhamana kama zilihifadhiwa, karatasi ya kiwandani kama utabahatika kuikuta imesahaulika ndani ya gari, na vitu kama hiyo nembo.

---

Kapteni_254

Boss, nisikize kidogo. Mimi niko Nairobi, nimetengeneza Peugeot 504 mbili. Naelewa hii mambo ya kiwandani, lakini gari ni yako. Mikanda ya matao inafanya Camaro ipendeze sana. Matundu tayari yako. Weka mikanda, piga rangi unayoipenda, endesha. Nani atakuja kufungua boneti asome X44?

Hapa tuna Concours d'Elegance pale Ngong Racecourse, iko tangu 1970, na majaji wanakagua hadi chini ya zulia. Lakini magari mengi barabarani hayaendi kwa majaji.

---

Mkonge_Dayton

Kapteni, nakuelewa, wala hujakosea. Ila ngoja niseme kwa nini siwezi.

Yule mzee wa Indiana aliifunga ile nembo kwenye gazeti akaiweka chini kabisa ya boksi. Angeweza kuitupa, maana gari tayari lilikuwa limevalishwa SS. Mjane wake aliniambia gari alilikuta hivyo jekundu aliponunua, na alikuwa anatafuta lilikuwaje mwanzo. Nadhani alifika mahali nilipofika mimi jana. Nikiweka mikanda nitakuwa nimeifunika tena kazi yake.

---

Kapteni_254

Sawa, hapo nimenyamaza. Endelea na kijani.

---

Fundi_Likoni

Basi tuorodheshe kinachotakiwa kwa X44 yako: mikanda ya kioo cha mbele, mikanda ya kioo cha nyuma, nembo za 307, maandishi ya Camaro ya mbele na ya madigadi, fremu za taa. Huo ni urembo wa gari la kawaida, na ni mchache. Nunua kitabu cha kiwandani cha kuunganishia gari la 1969, kile kinachochapishwa upya kwa michoro. Kina kila mkanda, kila klipu, kila skrubu na namba yake ya spea. Kuna pia kitabu cha bodi cha Fisher cha mwaka huo. Na watu wa Camaro Research Group wameweka utafiti wao wote kwenye tovuti yao bure. Soma huko kabla hujampa mwuzaji yeyote hela.

Sasa jambo la pili, ambalo watu wengi wanaliruka: jua kila kipande ni cha madini gani. Ndipo utajua kama kinatengenezeka.

Kuna aina tatu. Ya kwanza ni chuma kisichoshika kutu, wanachoita stenlesi. Hiki hata kikipinda na kubonyea, kinarudi. Ya pili ni alumini iliyopitishwa kwenye asidi na umeme ikapata ngozi ngumu kama kioo juu yake. Hiyo ukiipiga polishi mchana kutwa haibadiliki, kwa sababu unasugua ngozi, alumini yenyewe hujaifikia. Ya tatu ni zinki ya kumimina kwenye kalibu, iliyopakwa kromu. Hiyo ndiyo inayochimbikachimbika kama ngozi ya mtu aliyeugua ndui. Nembo yako ya 307 ni hiyo.

---

Bin_Saidi_MN

Si unaweka sumaku tu? Stenlesi haishiki sumaku.

---

Fundi_Likoni

Hapo wengi wanapotea, ndugu yangu. Sufuria ya stenlesi ya jikoni mara nyingi haishiki, lakini mikanda ya magari mingi ilitengenezwa kwa stenlesi ya daraja la 430, na hiyo inashika sumaku. Kwa hiyo ikishika na haina kutu, ni stenlesi. Isiposhika, inaweza kuwa alumini, zinki, au stenlesi ya aina nyingine.

Ukibaki na shaka chukua mita ya umeme, ile ya kupimia waya, uweke kwenye kipimo cha mlio. Gusa mkanda kwa ncha zote mbili taratibu bila kukwaruza. Alumini yenye ile ngozi hailii, kwa sababu ngozi haipitishi umeme. Stenlesi inalia papo hapo. Halafu uzito: zinki ni nzito mkononi, alumini nyepesi kama kadi.

Mkonge, pima mikanda ya vioo uliyonayo utuambie.

---

Mkonge_Dayton

Mikanda ya vioo: sumaku inashika, mita inalia. Stenlesi yote. Ninayo yote isipokuwa mmoja wa chini wa kioo cha nyuma. Miwili ina mabonde, naona mtu aliibandua kwa bisibisi.

---

Fundi_Likoni

Bisibisi ndiyo iliyoua mikanda mingi kuliko ajali. Mkanda umeshikwa na klipu, na klipu imekaa kwenye kijiti kidogo kilichochomelewa kwenye mfereji wa kioo. Kuna chombo bapa chenye ndoano cha kuifungulia klipu, bei yake ndogo. Unakiingiza chini ya mkanda, unavuta, klipu inaachia, mkanda unainuka wenyewe.

Na hivyo vijiti ndivyo vinavyoanzisha kutu. Rangi inapasuka pale, maji yanakaa chini ya mkanda, yanashuka kwenye buti. Zile kona zako mbili zilizooza zilianzia hapo. Chomelea bati jipya, weka vijiti vipya, jaribu kuweka mikanda yote kabla ya rangi. Ukisubiri hadi rangi imekauka ndipo ujue mkanda hauendi, utalia.

Kunyoosha bonde: weka mkanda kifudifudi juu ya ubao mgumu uliochongwa ufuate umbo lake, gonga kwa ndani kwa nyundo ndogo yenye kichwa cha mviringo, pole pole, kuanzia ukingoni mwa bonde kuja katikati. Usigonge sana, chuma kikitanuka hakirudi. Pitisha tupa laini juu uone palipoinuka na palipobaki chini, rudia. Halafu msasa: 220 kama ni lazima, 320, 400, 600, ukipenda 1000. Kisha mashine ya polishi. Gurudumu la kwanza ni la katani, la pili la pamba.

---

Mkonge_Dayton

Fundi, umesema katani?

---

Fundi_Likoni

Ndiyo, katani ya mkonge. Nyuzi zake ni ngumu, zinabeba dawa ya kukata na kufuta alama za msasa. Pamba inakuja baadaye kwa mng'ao.

---

Mkonge_Dayton

Mimi baba yangu alifanya kazi shamba la mkonge miaka ishirini na minane. Nimekulia kwenye nyumba za kambi, tunasikia mashine ya korona ikikwaruza majani usiku na mchana. Mkonge uliletwa Tanganyika na Mjerumani Hindorf mwaka 1893, shuleni Tanga hilo jambo tuliimbishwa. Leo nimeagiza gurudumu la polishi, limefika, nimelinusa. Harufu ni ileile. Nimempigia mzee simu nikamwambia, akacheka sana, akauliza kama wazungu bado wanaununua.

Kazi yenyewe: nimeanza na mkanda mfupi wa pembeni. Saa tatu na nusu kwa mkanda mmoja. Umetoka na mng'ao wa joto, si ule mweupe wa kibuluu wa kopi.

Onyo kwa wanaotaka kujaribu: mkanda wa pili gurudumu liliunyakua mkononi mwangu likaurusha ukutani. Sikuumia, mkanda umepata bonde jipya. Nilikuwa nausukuma kwa juu.

---

Fundi_Likoni

Alhamdulillah hukuumia. Sikiliza: kaa pembeni ya mstari wa gurudumu, usikae mbele yake. Polishi kwenye robo ya chini ya gurudumu, na ncha ya mkanda ielekee kule linakozungukia, isilikabili. Funga mkanda mrefu juu ya ubao ili usiweze kupiga upinde. Miwani, apron ya ngozi, glavu isiyo na nyuzi zinazoning'inia.

---

Mama_Kivu

Jambo kwenu wote. Mimi ni mtu wa Goma, niko Columbus, Ohio. Nafanya kazi kwenye karakana ya kupaka kromu, mwaka wa sita huu. Nimesoma hapa tangu asubuhi nikaona niseme kuhusu ile nembo.

Watu wanafikiri kromu ndiyo inayong'aa. Kromu ni utando mwembamba sana, wa kulinda na kutoa ule ubaridi wa rangi. Mng'ao mnaouona ni wa nikeli iliyo chini yake. Na chini ya nikeli, kwa kitu cha zinki, lazima iwe shaba. Zinki ukiizamisha moja kwa moja kwenye nikeli inaliwa, mipako inavimba. Tunaanza na shaba, ndiyo inayoishika zinki.

Sasa hivyo vishimo. Ndani ya kila kishimo kuna unga mweupe, ndiyo kutu ya zinki. Tunatoa kromu ya zamani, tunatoa nikeli, halafu kila kishimo tunakichimba kwa ncha ndogo hadi tuone zinki safi. Unga ukibaki hata chembe, baada ya mwaka kishimo kitarudi. Baadaye shaba, tunasugua, shaba tena, tunasugua, hadi vishimo vijae. Kwa nembo yenye tarakimu kama ya kaka, hatari ni kusugua hadi kona za tarakimu zikawa mviringo. Hapo ndipo kazi mbaya inajulikana: 7 inaonekana kama imeyeyuka. Mwambie fundi wako kabla hajaanza kwamba kona ni muhimu kuliko mng'ao.

Kijiti kilichokatika kitengenezwe kabla ya kromu. Zinki inayeyuka kwa joto dogo, mtu akileta moto wa kawaida wa kuchomelea, nembo inakuwa uji. Tunatoboa kidogo kwa nyuma, tunaingiza kijiti chenye nyuzi za skrubu.

Na tafadhali, msijaribu kromu nyumbani. Ile kromu ya heksavalenti ni sumu, inaleta saratani. Sisi kazini tunavaa na tunapimwa.

---

Mkonge_Dayton

Dada Mama_Kivu, nimekosa neno. Columbus kwangu ni mwendo wa saa moja na ushee. Nikikuletea nembo, karakana yenu inapokea kipande kimoja kidogo?

---

Mama_Kivu

Inapokea, ila foleni ni wiki nane hadi kumi. Lete na picha ya nembo nzuri ya namna hiyo ili tuone kona zake. Kwa nini moja? Gari lina pande mbili.

---

Mkonge_Dayton

Upande wa pili sina. Natafuta.

---

Kentucky_Mswahili

Mwezi wa nne ni Carlisle, Pennsylvania. Uwanja mzima wa maonyesho unajaa watu wanaouza spea za zamani mezani, chini kwenye turubai, ndani ya magari. Mwezi wa kumi kuna Hershey, hukohuko Pennsylvania. Nenda Carlisle, fika alfajiri ya siku ya kwanza. Beba sumaku, mita, futi, na nembo yako mfukoni.

Kuhusu mkanda wa kioo cha nyuma, usiulize Camaro peke yake. Pontiac Firebird ya 1967 hadi 1969 ni ndugu wa tumbo moja na Camaro, paa na vioo ni vilevile. Mwenye Firebird mezani hatakuita ukipita ukiuliza Camaro. Kuna vitabu vya Hollander vinavyoonyesha spea ipi inaingiliana na gari lipi, vile vya miaka hiyo bado vinapatikana.

Na tahadhari na NOS, yaani spea mpya ya kiwandani iliyolala stoo miaka yote hii. Mimi niliuziwa boksi halisi la General Motors lenye kopi ndani. Boksi lilikuwa zee, limechakaa vizuri, namba sahihi. Kitu kilichomo kilikuwa cha juzi. Tangu hapo nafungua, nageuza nyuma, natafuta namba iliyomiminwa kwenye kipande chenyewe, naangalia kama vijiti vina alama za kalibu. Mwuzaji akikataa usifungue, asante, naendelea mbele. Na hata NOS halisi inaweza kuwa toleo la baadaye la spea, tofauti kidogo na lililofungwa kwenye gari siku ile.

Kopi zenye leseni ya General Motors zipo, na baadhi ni nzuri. Lakini leseni haiufanyi mkunjo ukae. Jaribu kwenye bodi kabla ya kutupa risiti.

---

Mkonge_Dayton

Nimerudi Carlisle jana usiku. Saa saba kwenda, saa saba na nusu kurudi, na mvua juu.

Siku ya kwanza, sikupata kitu. Watu wanakuuzia 350 na 396 na SS mpaka unachoka. 307 hakuna anayeileta, kwa sababu hakuna anayejivunia 307. Mzee mmoja aliniambia nembo za 307 watu walizitupa wakaweka za injini kubwa.

Siku ya pili, saa mbili asubuhi, mama mmoja na mwanawe wana meza ya Firebird. Nikauliza mkanda wa chini wa kioo cha nyuma. Kijana akatoa minne. Sumaku imeshika yote, mmoja hauna bonde hata moja. Dola arobaini. Nikawa natoa hela, mama akaona nembo niliyokuwa nimeishika. Akasema subiri. Akaenda kwenye gari lao, akarudi na kopo la kahawa limejaa nembo. Tukamwaga mezani. 307 ilikuwepo moja, vijiti vyote viwili vizima, vishimo vichache. Nikaiweka sambamba na yangu: unene uleule, kona zilezile, namba nyuma ni ileile. Alitaka dola kumi na tano. Nilimpa ishirini, akakataa, nikampa kumi na tano.

Mkanda nimeujaribu leo kwenye gari. Umeingia, klipu zimelia tatu mfululizo, na uwazi kwenye kona ni sawa na wa upande wa pili.

Bin_Saidi, bamba la gari lako linasemaje?

---

Bin_Saidi_MN

Yangu ni Norwood pia, X11. Nina mikanda mitatu ya matao, wa nne ni kopi, nyuma kulia.

---

Mkonge_Dayton

Miwili iliyokuwa kwenye boksi ni ya zamani halisi, nimeifananisha na kitabu. Mmoja ni nyuma kulia, ule ambao haujapinda. Niandikie kwa faragha anwani yako, nautuma wiki hii. Hela sitaki, lipia posta tu. Ule uliopinda nao nautia humo humo, huenda fundi wa kwenu akaunyoosha.

---

Bin_Saidi_MN

Allah akulipe heri, kaka. Sijui niseme nini. Nimeshakuandikia.

---

Fundi_Likoni

Sasa ziba hayo matundu ya matao, usitumie puti. Bati jembamba nyuma, nukta moja ya moto, acha lipoe, nukta nyingine. Ukiharakisha ukingo utapinda na tao halitakuwa duara tena.

---

Mkonge_Dayton

Nimeziba kumi na mawili, bado kumi na manne. Nembo zote mbili nimezipeleka Columbus Jumamosi. Mama_Kivu alizipokea mwenyewe mlangoni, akazigeuza, akakuta lile vumbi la kijani kwenye ile ya mzee. Akaniuliza kama alitoe au aliache, kwa sababu nyuma hakuonekani. Nimemwambia aliache.